Mkuki haufanyi kazi mkononi mwako? Tafuta chanzo kabla ya kubadili silaha

Wachezaji wengi wa michezo ya video ya mapigano huuacha mkuki baada ya mechi chache tu za mtandaoni, na ukiwauliza watakupa majibu yanayofanana: ncha inapita pembeni, adui akishasogea karibu hakuna la kufanya, kila pigo linakingwa. Wanasema kweli. Ila hizo ni dalili, na dalili moja inaweza kuwa na vyanzo vitatu visivyohusiana hata kidogo. Anayepiga hewa kwa sababu ya mtandao hatasaidiwa na mazoezi ya shabaha hata akeshe, na anayepiga hewa kwa sababu amesimama nusu hatua mbali mno hatasaidiwa na kebo mpya.

Ninaupenda mkuki, na msimamo wangu ni huu: tukiweka kando mashine na mtandao, shida nyingi za silaha hii huanzia miguuni. Mkono hufanya kazi ya mwisho tu. Mwenye upanga akikosea umbali kwa hatua moja, bado ana makali urefu mzima wa bapa. Wewe una ncha, na ncha ina mahali pamoja tu inapofanya kazi vizuri. Kazi yako yote ni kumweka adui mahali hapo.

Mifano nitaitoa kwenye michezo ambayo mpinzani ni binadamu: Mount & Blade: Warband ya mwaka 2010 na mdogo wake Bannerlord, Mordhau ya 2019, Chivalry 2 ya 2021, Elden Ring ya 2022. Kila mmoja una kanuni zake, lakini magonjwa ya mkuki humo yanafanana sana.

Tenga chanzo kwanza

Usiguse mipangilio yoyote kabla hujafanya jaribio hili.

Ingia kwenye uwanja wa mazoezi, usimame mbele ya sanamu isiyotembea. Choma huku ukirudi nyuma kidogo kidogo mpaka ncha isifike, kisha songa mbele robo hatua. Huo ndio urefu halisi wa mkuki wako ndani ya mchezo huo, na mara nyingi si ule macho yaliokuwa yanakuambia. Rudia ukilenga kifua. Ukiikosa hata sanamu, shida iko kwenye mipangilio yako au hujaelewa mchezo unalihesabu vipi pigo.

Ukiipata, mwombe rafiki aingie seva (kompyuta inayoendesha mechi) ileile unayochezea siku zote, atembee taratibu kushoto na kulia bila kukinga. Ukianza kumkosa hapo, chunguza mtandao na ulengaji. Ukimpata rafiki kila mara lakini kwenye mechi mambo yanaharibika, mashine haina kosa: wapinzani wanakusoma, au umbali unakuponyoka pale joto la pambano linapopanda.

Watu wengi huiruka ile hatua ya rafiki. Wanatoka kwenye sanamu moja kwa moja hadi kwenye mechi, wakishindwa hawajui walaumu nini. Usiiruke.

"Ncha imemgusa kabisa, lakini hapungui damu"

Anza na mtandao. Pingi ya milisekunde 150 maana yake ni kwamba kati ya kile kilichotokea kwenye seva ukakiona, na agizo lako kuifikia seva hiyo, kiasi cha milisekunde 150 kimeshapita. Mtu anayekimbia mita 5 kwa sekunde amesogea sentimita 75 ndani ya muda huo. Hata anayepita pembeni kwa mwendo wa mita 2 tu kwa sekunde amehama sentimita 30, na kutoka katikati ya kifua hadi ukingo wa bega ni sentimita ishirini na kitu. Shoka linalofagia hulimeza kosa kama hilo kwa sababu hupita eneo pana. Mchomo wa mkuki ni mstari mwembamba, hivyo sentimita 30 ni kukosa kabisa. Ndiyo maana mwenye mkuki huumizwa na mtandao mbovu wakati mwenye shoka kwenye timu hiyohiyo bado anashangaa unalalamikia nini.

Baadhi ya seva hurudisha saa nyuma kidogo na kukubali ulichokiona wewe. Nyingine huhukumu kwa mahali adui alipo wakati agizo lako linafika. Uko kwenye ipi? Mtumie tena yule rafiki anayetembea: choma ukilenga katikati ya kifua, kisha choma ukilenga mbele kidogo ya mwendo wake. Ikiwa unampata kwa kulenga mbele tu, seva haikufidii, na itabidi uzoee kulenga mbele au uhamie seva iliyo karibu zaidi. Elden Ring ni kisa tofauti. Humo wachezaji huunganishwa wao kwa wao, kwa hiyo mtandao wa mpinzani unakuhusu sawasawa na wako, na utachomwa wakati mwingine kutoka umbali usioelezeka bila yeyote kufanya ujanja.

Pingi inayoruka ni mbaya kuliko pingi kubwa iliyotulia. Ya 120 isiyobadilika utaizoea, mkono utajifunza kuwahi. Inayocheza kati ya 40 na 160 haizoeleki, maana kila mchomo una kipimo chake. Hapo kebo kutoka kwenye ruta hufaa kuliko Wi-Fi, na kuzima vitu vinavyopakua chinichini hufaa kuliko kununua kipanya kipya.

Chanzo cha pili hakina uhusiano na mtandao: pigo limegusa kabla halijaiva. Mchomo una sehemu tatu, kuvuta, kutoka na kurudi. Kwenye Warband, ncha ikimgusa mtu mwanzoni mwa kutoka, kabla haijapata mwendo, pigo hupoteza nguvu na linaweza hata kuteleza bila madhara. Utasikia mlio wa chuma, utaona mkuki umekaa juu ya mbavu zake, na mstari wa damu unaoonyesha uhai wake hautatikisika. Mchezo huohuo pia huhesabu mwendo wa miili: mkielekeana, mchomo huongezeka nguvu, ukichoma huku unarudi nyuma, hupungua. Sasa fikiria mchezaji mwenye hofu, anayechoma kila mara akikimbia kinyumenyume na adui ameshamkaribia. Amejinyima mara mbili kwa pigo moja. Dawa ni kuanza kuvuta mapema, adui akiwa bado nje ya ncha, kisha kupiga hatua ya mbele mkuki unapotoka ili ncha imkute katikati ya safari yake.

Kama huo si ugonjwa wako, angalia ngao. Michezo mingi huipa ngao eneo la kukinga pana kuliko picha inayoonekana, na mchomo unaopita pembezoni mwake huhesabiwa umekingwa. Lenga miguu.

"Napiga hewa"

Tofautisha kwanza: unakosa kwa ufupi au kwa pembeni? Watu husema tu "nimekosa", na hapo uchunguzi unakufa. Rekodi mechi moja, tazama kila mchomo uliokosa, ujiulize ncha iliishia wapi.

Anayekosa kwa ufupi huenda aligusa upana wa mtazamo (ukubwa wa eneo linaloonekana kwenye skrini) kwenye mipangilio karibuni. Ukiubana, adui huonekana mkubwa na wa karibu. Unachoma mapema na ncha inaishia hewani. Ukiupanua, huonekana mdogo na wa mbali. Unamngoja hadi ameshapita mahali pa kumchomea. Hakuna kipimo kilicho sahihi kwa wote. Chagua kimoja ukiache hapohapo, kwa sababu jicho hujifunza umbali kwa kurudia, na kila unapobadilisha unalifuta lilichojifunza. Mimi napendelea mtazamo wa wastani kwa mkuki hata kama kwa silaha nyingine ningeupanua. Tena usipime umbali kwa ukubwa wa kichwa cha adui. Pima kwa ardhi: tazama mguu wake wa mbele umekanyaga wapi. Kofia za chuma, mabega mapana na manyoya hudanganya, unyayo haudanganyi.

Chanzo kingine cha ufupi ni kuchoma ukiwa umesimama. Mpinzani mzuri akiona unavuta, hurudi nusu hatua tu. Nusu hatua inamtosha. Mchomo wako ukitoka na miguu imelala, ameshaondoka na wewe umebaki mikono imenyooka. Kwa hiyo mchomo na hatua viende pamoja, na hatua iwe ndogo kiasi kwamba ukikosa bado unaweza kurudi.

Kukosa kwa pembeni kuna mambo yake. Mordhau huwekea kikomo kasi ya kugeuka wakati pigo linatoka, hivyo huwezi kubonyeza kwanza kisha ukazungusha kipanya kumfuata mtu. Utavuta kipanya kwa nguvu, skrini itagoma, ncha itapita nyuma ya mgongo wake. Elekeza kwanza, bonyeza baadaye, na wakati ncha inatoka fanya marekebisho madogo tu. Kama kipanya au pedi yako ni nyepesi mno kiasi kwamba unapita shabaha kila mara, ipunguze mpaka uweze kuiweka alama ya katikati juu ya kifua cha mtu anayetembea bila kutetemeka.

Kwenye michezo inayomwonyesha mhusika wako kwa nyuma kuna mtego mwingine. Kamera imekaa juu au pembeni ya bega, mkuki unatoka kwenye mkono, na mistari hiyo miwili haiko sawa, hasa adui akiwa karibu. Ukiifunga shabaha kwenye Elden Ring, yaani kamera imng'ang'anie adui mmoja, mhusika wako humgeukia adui wakati wa kuvuta, lakini mchomo ukishatoka hufuata mwelekeo wake uleule. Wapinzani wanaojua hubingirika pembeni kwa wakati huo hasa. Usishindane na mbingiriko. Mwache abingirike, umchome anaposimama, kwa sababu hapo mwisho wa mbingiriko mwili wake una nukta ndogo ambayo hawezi kufanya lolote.

Fremu, yaani picha ambazo mashine huchora kila sekunde, nazo zina mchango. Kwa fremu 30 kwa sekunde, kila picha hukaa milisekunde 33. Kwa 60 hukaa takriban 17. Ukiona unakosa kwenye msongamano wa watu tu, huku mmoja kwa mmoja unapata, huenda mashine inazidiwa pale miili inapokuwa mingi. Punguza vivuli na ubora wa mwonekano wa mbali, zima ukungu wa mwendo, kisha ujaribu tena.

"Adui akishaingia ndani ya ncha nimekwisha"

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo pana mengi ya kujifunza kuliko pengine pote.

Chukua pambano la kawaida. Wewe una mkuki, yeye ana shoka fupi na ngao. Anakuja ngao juu, anasita hatua moja nje ya ncha yako. Unachoma; ngao inalia. Mkuki uko kwenye kurudi, na yeye hakungoja urudi: mguu wake wa mbele umeshakanyaga pale ncha ilipokuwa. Unarudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Yeye anakimbia kwa uso, wewe unakimbia kinyumenyume, na karibu michezo yote humfanya anayerudi nyuma awe mzito kuliko anayesonga mbele. Hatua tatu, yuko kifuani. Unabonyeza kuchoma tena, mkuki unaanza kuvutwa, shoka linatua.

Ukimwuliza mchezaji huyo aliuawa na nini, atasema na shoka. Aliuawa na mchomo wa kwanza. Alichoma ngao iliyoinuliwa, kwa mtu aliyekuwa akingoja jambo hilo hasa, na akatumia sekunde yake ya pekee ya usalama kusikiliza mlio wa mbao. Kwa hiyo tiba inaanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Ngao ikiwa juu na adui akiwa anasita, usichome. Vuta kisha katiza. Hiyo ndiyo chenga, na michezo mingi ya aina hii inairuhusu. Mchomo atakaoutamani hautoki, yeye anaanza kuingia kwa miguu, na mtu anayeingia huku akiinua shoka ameshusha ngao au ameisogeza. Hapo ndipo unachoma kweli, yeye akiukimbilia mkuki mwenyewe.

Pili ni njia ya kurudi. Usirudi kwa mstari. Rudi kwa mshazari, kuelekea upande wa ngao yake. Upande huo shoka lina safari ndefu zaidi kukufikia, na ngao yenyewe humzibia macho akicheza kwa mtazamo wa macho ya mhusika. Kila anapojinyoosha kukufuata anapoteza hatua ya kugeuka, na wewe unapata nafasi ya ncha moja tena. Kabla ya pambano kuanza, tupa jicho nyuma yako. Ukuta, ngazi, maiti za mlangoni, rafiki aliyesimama ovyo: hivyo ndivyo huwamaliza wenye mkuki kuliko ustadi wa mpinzani.

Tuseme yote hayo yameshindikana na ameshakubana. Acha kushambulia. Mwenye mkuki aliyebanwa huwa anabonyeza kuchoma kwa pupa, na kila mchomo unaokatizwa ukiwa kwenye kuvuta ni pigo la bure kwa adui. Kinga kwanza. Kwenye Mordhau na Chivalry 2, pigo linalofuata mara baada ya kukinga vizuri hutoka kwa haraka, na hilo ndilo mchomo wako wa karibu ulio salama kuliko yote. Teke lina kazi pia: humsumbua anayeng'ang'ania ngao na kukupa upenyo wa kutoka. Chivalry 2 ina pigo fupi la kushtukiza lisiloumiza sana lakini hukatiza pigo la mwenzako likiwa kwenye kuvuta. Baada ya hilo toka kwa mshazari, usibaki kupima bahati. Mordhau hukuruhusu kubadili mshiko na kuufupisha mkuki. Zoea kuubadili wakati unatembea kuelekea kwenye chumba au ngazi, kabla hujabanwa, maana kubadili nako kuna muda wake.

Na kama una silaha ndogo kiunoni, itumie bila kuona haya. Kisu kilichochomolewa kwa wakati huokoa. Wapo wanaoona kuuacha mkuki katikati ya pambano ni kukubali kushindwa. Mimi naona ni sehemu ya kuutumia.

"Kila mchomo unakingwa"

Kasi siyo shida. Binadamu huhitaji kiasi cha milisekunde 200 hadi 250 kuitikia anachokiona, na sehemu ya kuvuta kwenye michezo hii huwa ndefu kuliko hapo. Hivyo mtu anayekutazama na asiyefanya kitu kingine ataukinga mchomo wako wa kawaida, leo na kesho. Swali ni kwa nini ana nafasi ya kukutazama wewe tu.

Sababu ya kwanza ni mapigo ya aina moja. Kwenye Chivalry 2, anayekinga anaweza kulijibu pigo lako kwa pigo la aina ileile, mchomo kwa mchomo. Mordhau nayo ina jambo linalofanana. Ukichoma tu, umemwondolea kazi ya kukisia. Ameshaweka kidole kwenye kuchoma kabla hujaanza. Mkuki humo una pigo la kufagia na la kutoka juu pia. Ni dhaifu, sikatai, na usiyategemee kuua. Kazi yake ni kumfanya asiwe na uhakika. Pigo moja la kufagia kati ya mapigo manne linatosha kuirudishia michomo ile mitatu mingine thamani yake.

Ya pili ni mdundo. Sikiliza rekodi yako bila kuangalia picha. Ukisikia michomo inafuatana kwa nafasi sawa, huyo mpinzani alikuwa anahesabu. Choma, kaa kimya kwa muda usiopendeza, tembea, choma mara mbili, kaa tena. Wanaokinga kwa mazoea huinua ngao kwenye ule ukimya na kuishusha pale wanapoanza kujiuliza unangoja nini.

Ya tatu ni urefu. Bannerlord humwezesha mwenye mkuki na ngao kuchoma kwa juu ya bega au kwa chini, na ukingaji wa silaha humo hufuata mwelekeo. Mchezaji anayechoma juu tu kwa sababu alizoea hivyo amemfungulia adui mlango mmoja wa kulinda.

Lakini mara nyingi dawa iliyo bora ni kumchoma mtu mwingine. Kama huyu mbele yako anakukinga kila mara, mwache aendelee kukukinga, na mchomo uende kwa jirani yake anayepigana na rafiki yako. Yeye hakutazami.

"Pumzi inaisha kabla pambano halijaisha"

Kukosa hula pumzi (akiba ya nguvu za mhusika wako), chenga hula pumzi, kukinga hula pumzi. Mwenye mkuki huchoma kutoka mbali, kwa hiyo hukosa mara nyingi zaidi, na mstari wa pumzi humwishia akiwa hajaguswa. Kwenye Mordhau na Chivalry 2, kukinga ukiwa umeishiwa kunaweza kukupokonya silaha mkononi. Weka mpaka: ikibaki theluthi, hakuna chenga tena, rudi nje ya ncha na utembee.

Elden Ring ina kishawishi chake, kwa sababu mkuki humo huweza kuchoma ngao ikiwa imeinuliwa. Ni mbinu nzuri, ila ngao iliyoinuliwa hupunguza kasi ya pumzi kurudi, na kila pigo unalolikinga hula ileile unayochomea. Wanaokaa nyuma ya ngao bila kuishusha huvunjwa ulinzi, kisha hupigwa pigo moja kubwa wakiwa wameduwaa. Shusha ngao kila adui anapokuwa mbali, hata kwa sekunde moja. Kumbuka pia kwamba humo michomo huumiza zaidi ikimkuta mtu katikati ya shambulio lake. Kungoja apige kwanza kunakupa pumzi na nguvu kwa pamoja.

"Kwenye kundi nawachoma wenzangu"

Umesimama mahali pabaya. Nafasi yako ni nyuma kidogo ya bega la mwenye ngao, upande mmoja, si nyuma ya mgongo wake. Kutoka hapo mkuki unapita kwenye uwazi kati ya watu wawili, jambo ambalo mwenye shoka hawezi kulifanya bila kuwakata wote. Kaa upande ambao mwenzako hafagii silaha yake, na akisogea usogee naye. Kwenye ujia mwembamba nafasi hii ni ya dhahabu, kwa sababu mapigo ya kufagia hugonga kuta na mchomo haugongi.

Katika msukosuko mkubwa, Chivalry 2 ikiwa na wachezaji 64 uwanjani, usifukuze. Anayekimbia na maisha kidogo anakupeleka kwa wenzake, na mkuki uliozungukwa na watu watatu hauna upande wa kurudia.

"Farasi wananikanyaga"

Wengi huchoma farasi akiwa ameshafika, kisha wanashangaa. Mwendo wa farasi ni nguvu yako ya bure endapo ncha itamkuta ikiwa imenyooka. Kwenye Bannerlord, baadhi ya mikuki mirefu inaweza kuegemezwa chini kuwangoja wapanda farasi. Fanya hivyo mapema, ukiwa umemkabili, na usigeuke dakika za mwisho. Kwenye michezo isiyo na uwezo huo, toka kwenye njia yake kwa hatua moja pembeni na uchome kifua cha farasi anapokaribia ncha, mapema kuliko unavyoona inafaa. Usimlenge mpandaji. Yeye ni mdogo, yuko juu, na anakwenda kasi. Farasi ni mkubwa na hawezi kukwepa. Pale mchezo unapomsimamisha farasi aliyechomwa kwa mbele, mpandaji hubaki amekaa juu ya mnyama asiyetembea, na hapo una muda wa kumchagulia mahali.

"Nikirusha mkuki nabaki bila kitu"

Basi usirushe wa kupigania. Katika Chivalry 2 silaha yoyote inaweza kurushwa, na kishawishi ni kikubwa unapomwona mtu anakimbia na damu kidogo. Rusha pale tu ambapo kuna mkuki mwingine chini karibu na miguu yako, au una silaha ya pili ambayo uko tayari kupigana nayo kwa dakika nzima. Lenga juu kidogo na mbele ya mwendo wake, na kabla hata hujaona kama umempata, uwe umeshachomoa ile ya pili.